Joan Binti Henry: Malkia Aliyeozwa Mara Mbili

Wafalme wa kale walipotaka kufunga urafiki walikuwa na vitu viwili vya kupelekeana: dhahabu na mabinti. Dhahabu haiulizwi itakako kwenda, na mabinti nao hawakuulizwa. Leo nawasimulia habari za mmoja wao, Joan, binti wa Mfalme Henry wa Pili wa Uingereza na Malkia Eleanor wa Aquitaine, aliyezaliwa mwaka 1165.

Mwaka 1176 wajumbe wa William wa Pili, mfalme wa Sicily, walifika Uingereza kuposa. Walipelekwa Winchester, wakamtazama mtoto, wakaridhika. Basi akasafirishwa. Bahari ilimlewesha hata ikabidi ashushwe, amalizie safari kwa nchi kavu. Februari 1177 aliozwa mjini Palermo na kuvishwa taji. Umri wake ulikuwa miaka 11.

Sicily haikuwa kama kwao. Waislamu waliitawala kwa zaidi ya karne mbili kabla ya Wanormani kuitwaa, na athari zao zilikuwa hai bado. Msafiri Ibn Jubayr wa Andalusi, aliyefika huko mwishoni mwa 1184, aliandika kwamba Mfalme William alijua kusoma na kuandika Kiarabu, na kwamba jumba lake lilijaa watumishi Waislamu. Humo ndimo alimokulia Joan.

Ndoa hiyo haikuacha mrithi. William alifariki Novemba 1189, na Tancred, aliyekalia kiti cha enzi, akamzuia mjane pamoja na mali yake. Kilichomwokoa ni kupita kwa ndugu yake, Mfalme Richard, aliyeingia Messina Septemba 1190 akielekea vita vya msalaba. Tancred alimwachilia, na badala ya haki yake ya ujane akalipa wakia 20,000 za dhahabu. Aliyezipokea ni Richard.

Joan akafuatana na ndugu yake hadi Palestina. Huko, Oktoba 1191, pande zote mbili zikiwa zimechoka, Richard alileta shauri la ajabu: Joan aolewe na Al-Adil, ndugu wa Sultani Salahuddin, nao wawili waitawale nchi, makao yao yawe Baitul Mukadas. Habari hii imeandikwa na Baha al-Din ibn Shaddad, kadhi wa jeshi la Salahuddin, aliyekuwako. Sultani aliitikia, ingawa alidhani ni mzaha. Joan alipopata habari alighadhibika, akakataa katakata kuolewa na mtu asiye wa dini yake. Shauri likafa.

Huenda msomaji akasikitika kwamba suluhu iliponyoka hapo. Mimi simlaumu bibi huyu. Mjane hutakwa idhini yake kwanza, naye alikuja kuambiwa wakubwa walipokwisha kuafikiana.

Oktoba 1196 aliozwa tena, kwa Raymond wa Sita, mtawala wa Toulouse kusini mwa Ufaransa, ili kukomesha ugomvi mkongwe baina ya nyumba mbili. Mwaka uliofuata alizaa mwana, naye akaitwa Raymond. Mwaka 1199 mabwana wa nchi ile waliasi. Joan, mja mzito, alitoka mwenyewe na askari akaizingira ngome ya Les Cassés. Watu wake wakamsaliti: waliwapenyezea maadui silaha kwa siri, kisha wakaitia moto kambi. Aliponea chupuchupu, akaenda kutaka msaada wa Richard. Akakuta amekwisha kufa.

Akiwa Rouen, hali yake dhaifu, aliomba apokewe katika watawa wa Fontevraud. Ilikuwa kinyume cha desturi, kwani alikuwa mke wa mtu, tena mja mzito. Alishikilia ombi lake mpaka Hubert Walter, Askofu Mkuu wa Canterbury, akakubali avikwe shela ya utawa. Alifariki Septemba 1199, hajatimiza miaka 34. Mtoto aliyemzaa aliishi muda wa kubatizwa tu.

Wengine walimwamulia karibu kila jambo, toka Winchester hadi Toulouse. Mara mbili alisema lake: alipomkataa mume, na alipochagua pa kufia. Alizikwa Fontevraud, kama alivyotaka. Mwanawe Raymond, aliyeachwa na umri wa miaka miwili, aliishi hadi 1249. Alipokufa, naye alipelekwa kuzikwa huko huko aliko mama yake.