Bibi Katharine Cook na Wakunga wa Uganda

Wengi katika wasomaji wetu wamepata kusikia jina la Dr. Albert Cook wa Mengo, lakini ni wachache wanaomjua mkewe. Basi leo tutasimulia habari za bibi huyo, maana kazi yake inagusa kila nyumba, hata hapa kwetu Gisenyi: nani atakaa na mama saa ya kujifungua, na sheria imsaidieje mama huyo.

Jina lake la kwanza lilikuwa Katharine Timpson. Alikuwa Mwingereza, akajifunza uuguzi katika hospitali ya Guy's, London. Mwaka 1896 alifika Mombasa pamoja na kundi la wamisionari wa CMS, na Dr. Cook alikuwa mmoja wao. Reli ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kujengwa, kwa hiyo walisafiri kwa msafara wa wapagazi, mwendo wa maili kama 800, wakafika Mengo Februari 1897. Mwaka huohuo wakafungua hospitali, na Katharine akawa mkuu wa wauguzi. Aliolewa na Dr. Cook mwaka 1900. Miaka miwili baadaye radi ilipiga hospitali ikateketea, nao wakajenga nyingine.

Isidhaniwe kwamba watu wa nchi ile hawakuwa na maarifa yao. Mwaka 1879 mmisionari mmoja, Robert Felkin, alimwona mganga wa Bunyoro akimpasua mama aliyeshindwa kujifungua. Mganga alisafisha mikono yake na tumbo la mama kwa pombe ya ndizi, na mama na mtoto wote wawili wakapona. Lakini kila mahali duniani wakati ule, uzazi ukiwa mgumu, akina mama wengi walikufa, na watoto wengi hawakumaliza mwaka wa kwanza.

Serikali ya Uganda ilitiwa hofu na vifo vya watoto na ugonjwa wa kaswende. Zikatungwa amri za kuwalazimisha watu wakaguliwe miili yao, wanawake kwa wanaume. Bibi Cook alilalamikia ukaguzi huo wa lazima, kwa kuwa uliwavunjia wanawake heshima yao. Aliona wazi kwamba mwanamke aliyeaibishwa haji tena hospitali, bali hujificha na ugonjwa wake.

Yeye alichagua njia nyingine. Huko kwao Uingereza, wanawake wa chama cha wakunga walikuwa wamepigania sheria kwa miaka mingi, na Bunge likaipitisha mwaka 1902. Kwa sheria ile wakunga walifundishwa, wakatahiniwa, na majina yao yakaandikwa katika daftari. Mkunga hakuwa tena mtu wa kubahatisha; alikuwa na cheti, na mama alijua anamwita nani.

Mara baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Bibi Cook na mumewe walianzisha shule ya wakunga pale Mengo. Ikapewa jina la Lady Coryndon, mke wa Gavana wa wakati ule, aliyeitetea sana. Katika nchi nyingi za kwetu ukunga ulikuwa kazi ya wazee waliokwisha kuzaa. Hapa wakapokewa wasichana. Dr. Cook na mkewe wakawaandikia kitabu cha ukunga kwa Kiganda, ili wajifunze kwa lugha ya mama zao. Waliohitimu hawakuwekwa wote mjini. Walipelekwa kwenye vituo vidogo vijijini, karibu na nyumba za watu. Hapo kwanza mama wa shamba alikuwa na njia mbili tu: kuzalia nyumbani bila mtu mwenye mafunzo, au kubebwa mwendo mrefu hadi hospitali. Sasa akapata njia ya tatu.

Dr. Cook alipewa heshima ya Sir mwaka 1932, na mkewe akaitwa Lady Cook. Bibi huyu alifariki mwaka 1938, mumewe akamfuata mwaka 1951. Wote wawili wamezikwa Namirembe.

Miaka mingi imepita, na sheria zimeendelea. Uganda ilitunga sheria ya wauguzi na wakunga mwaka 1996, na Rwanda ikaunda kwa sheria Baraza la Taifa la Wauguzi na Wakunga mwaka 2008. Katika uchunguzi wa mwaka 2000, nchini Rwanda walikufa akina mama 1,071 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Katika ule wa 2019-20 walikuwa 203. Hayo ni maendeleo makubwa, lakini 203 si hesabu ya kuturidhisha. Kila mmoja wao alikuwa mama wa mtu.

Tunajifunza nini? Sheria ya kulazimisha huwafukuza watu, lakini sheria inayomfundisha mkunga, ikampa cheti na kumweka karibu, huwavuta. Ninyi wasichana mnaopenda sayansi, kazi hii inawangoja. Nanyi mliomaliza shule na sasa mnakaa katika mabaraza, siku mtakapojadili sheria za afya, mkumbukeni yule mama anayeshuka mlimani usiku akitafuta mkunga.