Hypatia wa Iskandaria: Mwalimu na Darasa Lake

Hypatia alikuwa binti wa Theon, mwanahisabati wa Iskandaria nchini Misri, naye alipata elimu yake ya hisabati na falaki kwa baba yake. Hatimaye alianzisha darasa lake la falsafa ya Plato, likawavuta vijana wa koo zenye hadhi, Wakristo kwa wasio Wakristo. Maandishi yake ya falsafa hayakutufikia. Mbinu yake twaijua hasa kupitia maandishi ya mwanafunzi wake Synesius, ambaye baadaye alikuwa askofu wa Ptolemais. Humo yadhihirika mambo mawili. Kwanza, falaki na hisabati zilikuwa ngazi ya kuipandisha akili kutoka vitu vionekanavyo hadi visivyoonekana. Pili, mafunzo ya ndani hayakuanikwa hadharani, nao wanafunzi walihesabiana kuwa ndugu. Mwaka 415 Hypatia aliuawa na umati wa Wakristo, wakati wa mvutano baina ya gavana Orestes, aliyezoea kushauriana naye, na askofu Cyril. Hapana budi, basi, kutofautisha: kilichomponza zaidi ni ukaribu wake na utawala. Darasani mwake, wafuasi wa dini mbalimbali waliketi pamoja.