Watt: Msomi aliyefumbua siri ya mianya ya msitu

MTI mkubwa uangukapo msituni, wengi huona hasara. Alexander Stuart Watt aliona msitu unaojizaa upya.

Mtaalamu huyu wa ikolojia alizaliwa mwaka wa 1892 Aberdeenshire, Uskoti. Alisomea kilimo katika Chuo Kikuu cha Aberdeen, kisha akajiunga na Cambridge na kufunzwa na Arthur Tansley.

Vita Vikuu vya Kwanza vilikuwa vimemaliza sehemu kubwa ya miti ya Uingereza, na mwaka wa 1919 serikali iliunda Tume ya Misitu. Swali zito lilikuwa moja: mbona miche ilikuwa haba katika misitu ya biichi, mti wa mbao ngumu?

Watt alilitafutia jibu katika vilima vya South Downs. Aligundua kuwa mbegu nyingi huliwa na panya na wanyama wengine, na miche michache inayosalia hudumazwa na kivuli kizito.

Lakini mzee wa msitu akianguka, hali hugeuka. Mwangaza hufika ardhini, na mizizi iliyokuwa ikinyonya maji hufa. Miche iliyodumaa hurefuka kwa kasi, huku miti jirani ikinyoosha matawi kuingia kwenye mwanya. Mwanya ukiwa mdogo, majirani huuziba. Ukiwa mkubwa, kizazi kipya hupata nafasi.

Mwaka wa 1947, akiwa rais wa Chama cha Ikolojia cha Uingereza, Watt alieleza kwamba msitu ni viraka vya umri tofauti: mwanya, miti michanga, miti iliyokomaa, kisha mwanya tena. Kifo na ukuaji ni hatua za mzunguko mmoja. Makala ya hotuba hiyo yangali yanasomwa na wanaikolojia kote duniani.

Alifundisha Cambridge hadi mwaka wa 1959, baada ya kuteuliwa mwanachama wa Royal Society mwaka wa 1957. Aliaga dunia mwaka wa 1985.

Miaka miwili baadaye, Oktoba 1987, dhoruba iliangusha miti takriban milioni 15 kusini mwa Uingereza. Wengi waliharakisha kufyeka na kupanda upya. Hata hivyo, baadhi ya sehemu zilizoachwa bila kuguswa zilichipua zenyewe, jinsi mafunzo ya Watt yalivyoonyesha: jeraha la msitu mara nyingi huwa ndilo mlango wa uhai wake.