Mguu wa Seyyid Said

Huu ni mwaka wa sita goti langu la kulia na kifundo cha mguu haviniachi. Nimekandwa kwa mafuta ya nazi na ya habasoda, nimemeza vidonge vya kila rangi, na sasa naswali juu ya kiti. Kutoka nyumbani hapa Msambweni hadi ufuoni kijana hutumia dakika kumi; mimi hupumzika mara tatu njiani. Usiku usingizi ukinikataa husoma historia, na huko ndiko nilikokutana na mchechemeaji mwenzangu, Seyyid Said bin Sultan.

Najua jina hilo haliburudishi kila baraza huku kusini. Mwaka 1837 aliichukua Mombasa kutoka kwa Mazrui, akawakamata wakubwa wao kwa hila na kuwapeleka Bandar Abbas. Waliosalimika walitawanyika, wengine Takaungu, wengine hapa Gasi. Nina rafiki wa Gasi ambaye nikimtaja Seyyid Said hugeuza mazungumzo yakawa ya samaki. Simlaumu.

Shuleni tulifunzwa karafuu, mkataba na Wamarekani wa 1833, na jinsi alivyohamishia enzi yake Unguja kutoka Oman. Mguu hatukufunzwa. Alizaliwa 1791, akashika utawala angali kijana, na miaka mingi ilimpitia vitani. Katika vita kimojawapo risasi ilimwingia pajani ikabaki humo humo. Haya twayajua kwa binti yake, Salme, ambaye kumbukumbu zake zilichapishwa Ujerumani mwaka 1886. Kwake yeye, baba si bendera wala mizinga tu. Ni mzee anayechechemea. Kwenye jumba la Mtoni, kaskazini ya mji wa Unguja, palikuwa na roshani kubwa ya mbao, ya duara, iliyotazama bahari. Hapo Seyyid Said alikuwa akienda na kurudi peke yake, kichwa kakiinamisha, na risasi yake mguuni.

Nilipofika hapo nilifunga kitabu. Mwenye miguu mizima ataona mfalme anayewaza dola yake, na huenda ni kweli. Lakini sisi tuumwao twajua jambo jengine: ukikaa sana mguu hukakamaa, ukiutembeza huuma, na mara nyingi waona afadhali uume ukitembea. Tena hutaki mtu akuulize. Tofauti ni kuwa yeye alikuwa na merikebu, farasi na watumwa wa kumhudumia. Mimi na wenzangu wa foleni ya hospitali twapandishwa bodaboda kwa kushikwa kiunoni, na dereva apiga honi.

Hata hivyo hakuacha safari. Mwaka 1854, umri ukiwa umepita miaka sitini, alitweka kwenda Maskati kwa mzozo wake na Waajemi, akakaa huko zaidi ya miaka miwili. Akirejea, husimuliwa kuwa alipakia mbao za jeneza melini. Tarehe 19 Oktoba 1856, karibu na visiwa vya Shelisheli, alifariki. Wengine wasema ni kuhara damu. Bintiye aliitaja ile risasi.

Salme alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili tu, yuko Unguja akimngojea. Kwenye roshani ile ya Mtoni palikuwa na darubini ya kutazamia merikebu zinazoingia.