Emil Kraepelin na Suala la Lugha ya Mgonjwa

Emil Kraepelin alizaliwa tarehe 15 Februari 1856 mjini Neustrelitz, Ujerumani. Alisomea udaktari Würzburg na Leipzig, ambako alivutiwa na majaribio ya kisaikolojia ya Wilhelm Wundt. Aghalabu maisha yake husimuliwa kama historia ya uainishaji wa magonjwa ya akili. Makala haya yanadai kuwa maisha hayo yanaibua pia suala la lugha.

Mwaka 1886, akiwa na umri wa miaka 30, Kraepelin aliteuliwa kuwa profesa wa saikiatria katika Chuo Kikuu cha Dorpat, mji ambao leo ni Tartu, Estonia. Wakati huo mji ulikuwa chini ya Dola ya Urusi. Chuo kilifundisha kwa Kijerumani, ilhali wagonjwa wengi walizungumza Kiestonia, lugha ambayo profesa hakuijua. Ilimlazimu kutegemea wakalimani, katika taaluma ambayo maneno ya mgonjwa ni ushahidi mkubwa wa daktari.

Alipohamia Heidelberg mwaka 1891, alimwandalia kila mgonjwa kadi na kufuatilia hali yake kwa miaka. Kigezo chake kikuu kikawa mwendo na hatima ya ugonjwa, wala si dalili ya siku moja. Kwa msingi huo, toleo la sita la kitabu chake cha kiada, lililotoka mwaka 1899, lilitenganisha maradhi ya kupanda na kushuka kwa hisia na yale ambayo Eugen Bleuler aliyaita skizofrenia mwaka 1908.

Kuanzia mwaka 1903 aliongoza idara ya Munich, ambako Alois Alzheimer alifanya kazi chini yake. Mwaka 1917 alianzisha huko taasisi ya utafiti wa saikiatria. Alifariki tarehe 7 Oktoba 1926. Hata hivyo, imani yake kuhusu kuzorota kwa vizazi iliendelezwa na mwanafunzi wake Ernst Rüdin, aliyeshiriki kuifafanua sheria ya Wanazi ya mwaka 1933 ya kuwafunga uzazi wagonjwa.

Kadi za Kraepelin ziliipa saikiatria mpangilio uliokosekana. Lakini kadi huhifadhi kile tu ambacho daktari amekisikia na kukielewa. Katika hospitali zetu, ambako mgonjwa hujieleza kwa Kiswahili na faili lake likaandikwa kwa Kiingereza, suala la Dorpat bado linamngoja mtafiti wa lugha.