William Cowper na Bustani Yake

William Cowper, mtunga mashairi, alizaliwa Uingereza katika mwaka 1731. Mama yake alikufa yeye akiwa mtoto wa miaka sita. Alipokuwa mtu mzima alisomea sheria, hata mwaka 1763 akatajwa kuwa karani katika Baraza la Mabwana. Lakini hofu ya kuhojiwa mbele ya wakubwa ikamshinda, akajaribu kujiua. Daktari mmoja wa St Albans alimtunza hata akapata nafuu.

Baadaye alikaa Olney, mji mdogo, katika nyumba moja na mjane Mary Unwin, jirani ya mchungaji John Newton. Cowper na Newton walitunga kitabu cha nyimbo za kanisa, na baadhi yake zingali zinaimbwa. Lakini Januari 1773 giza lilimrudia. Akasadiki kabisa ya kuwa Mungu amemtupa, wala hakwenda tena ibadani. Newton akampokea nyumbani mwake zaidi ya mwaka mzima. Maneno ya faraja hayakumwingia. Ila kazi ya bustani ilimtuliza kidogo. Mwezi wa Mei 1774, alipokuwa akiwalisha kuku, alionekana akitabasamu, mara ya kwanza kwa muda wa miezi 16 na zaidi.

Tangu hapo alijitia katika kazi za mikono: akafuga sungura, akajifunza useremala na kutia vioo. Zaidi ya yote alilima matango na matikiti, mimea isiyostahimili baridi ya kwao. Alirundika samadi mbichi ya farasi, ambayo ikioza hutoa joto, akaweka udongo juu yake na kufunika kwa vioo. Joto likizidi, miche huungua, likipungua, hufa. Basi ilimpasa kwenda kuitazama kila siku, hata siku ambazo moyo wake haukutaka kitu. Nadhani hapo ndipo palipokuwa na msaada. Katika mwaka 1785 alitoa shairi refu, The Task. Sehemu yake ya tatu ni habari za bustani, na matango yamo.

Bustani haikumponya. Ugonjwa ulimwangusha tena mwaka 1787. Bibi Unwin alikufa mwaka 1796, naye akafa Aprili 1800, akiwa bado hana tumaini. Kibanda kidogo cha bustani ya Olney, alimokuwa akiandika wakati wa joto, kipo hata leo.