Derek Bryceson

Derek Noel Maclean Bryceson (30 Desemba 1922 – 12 Oktoba 1980) alikuwa mkulima na mwanasiasa wa Tanganyika na baadaye Tanzania. Alikuwa mbunge kuanzia kipindi cha kupigania uhuru, akawa waziri katika serikali ya Julius Nyerere, kisha mkurugenzi wa hifadhi za taifa. Anakumbukwa kama mzungu aliyeendelea kuchaguliwa kwa kura za Waafrika baada ya uhuru, na kama mbunge aliyetumia miaka yake ya mwisho kulinda wanyamapori. Katika uongozi wake ilianzishwa Hifadhi ya Taifa ya Katavi, karibu na mji wa Mpanda, magharibi mwa Tanzania.

Maisha ya awali

Bryceson alizaliwa nchini China katika familia ya Kiingereza. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia alijiunga na jeshi la anga la Uingereza akawa rubani wa ndege za kivita. Baada ya miezi michache tu vitani ndege yake ilitunguliwa huko Misri. Alikuwa na umri wa miaka 19. Alinusurika, lakini uti wa mgongo uliumia vibaya na madaktari walimwambia kwamba hatatembea tena. Alijifunza upya kutembea, na tangu hapo hadi mwisho wa maisha yake alitembea kwa msaada wa fimbo.

Baada ya vita alisoma kilimo katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Hakutaka kazi nyepesi aliyotafutiwa Uingereza kwa sababu ya ulemavu wake, akaenda Kenya kufanya kazi ya shamba. Miaka michache baadaye alihamia Tanganyika, akapata shamba la ngano chini ya mlima Kilimanjaro.

Kuingia katika siasa

Akiwa Tanganyika alifahamiana na Julius Nyerere na kuunga mkono madai ya uhuru ya chama cha TANU. Walowezi wengi wa wakati ule hawakuwa upande huo.

Nafasi yake ya kuchaguliwa ilitokana na utaratibu wa pekee uliowekwa na serikali ya kikoloni. Katika uchaguzi wa 1958 na 1959 kila mpiga kura alitakiwa kupiga kura tatu: moja kwa mgombea Mwafrika, moja kwa mgombea wa asili ya Asia na moja kwa mgombea Mzungu. Wanachama wengi wa TANU walitaka kuususia uchaguzi huo. Katika mkutano wa Tabora wa Januari 1958 Nyerere aliwashawishi washiriki, na mkutano ulifikia uamuzi unaojulikana kama Uamuzi wa Busara. Badala ya kususa, TANU iliamua kuunga mkono wagombea wa Asia na wa Ulaya waliokubaliana na malengo yake. Bryceson alikuwa mmoja wao, akaingia katika Baraza la Kutunga Sheria.

Mwaka 1959 aliteuliwa kuwa waziri wa madini na biashara, miongoni mwa mawaziri wa kwanza waliotoka kwa wajumbe waliochaguliwa. Nyerere alipounda serikali ya madaraka mwaka 1960, Bryceson alipewa wizara ya afya na kazi. Baada ya uhuru wa 9 Desemba 1961 alishika wizara ya kilimo. Wizara hiyo ilikuwa nzito kuliko nyingi, kwa kuwa idadi kubwa ya wananchi waliishi kwa jembe.

Uchaguzi wa 1965

Mwaka 1965 Tanzania ilifanya uchaguzi wake wa kwanza chini ya chama kimoja. Katika majimbo mengi wagombea wawili wa TANU walishindana, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba. Utaratibu huu uliwapa wapiga kura nafasi ya kuwaondoa hata wakubwa: waziri wa fedha, Paul Bomani, alishindwa katika jimbo lake. Bryceson aligombea Dar es Salaam na kushinda kwa kura nyingi, ingawa karibu wapiga kura wote walikuwa Waafrika. Alijulikana kama mbunge wa Kinondoni.

Ushindi huo una maana katika historia ya hifadhi pia. Hifadhi nyingi za Afrika Mashariki zilianzishwa na wakoloni, na wananchi wengi waliziona kuwa mali ya wageni. Bryceson alikuja kuziongoza akiwa na historia tofauti: alikuwa mtu aliyekwisha kupimwa na wapiga kura.

Mkurugenzi wa hifadhi za taifa

Sera ya wanyamapori ya Tanganyika huru ilianza na Ilani ya Arusha ya Septemba 1961, ambayo isichanganywe na Azimio la Arusha la 1967. Katika ilani hiyo serikali ya Nyerere iliahidi kutunza wanyama na makazi yao kwa ajili ya vizazi vijavyo. Ahadi ilihitaji sheria na fedha. Kwa mujibu wa sheria ya hifadhi za taifa ya mwaka 1959, iliyoendelea kutumika baada ya uhuru, Rais hutangaza eneo kuwa hifadhi ya taifa kwa ridhaa ya Bunge. Kwa hiyo kila hifadhi mpya ilihitaji pia kukubaliwa na wabunge.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Bryceson alikabidhiwa uongozi wa shirika la hifadhi za taifa, TANAPA, huku akiwa bado mbunge. Katika kipindi hicho hifadhi ziliongezeka: Kilimanjaro ilitangazwa mwaka 1973, Katavi mwaka 1974 na Kisiwa cha Rubondo katika Ziwa Viktoria mwaka 1977. Mwaka 1973 serikali ilipiga marufuku uwindaji, katazo lililodumu hadi 1978, na mwaka 1974 Bunge lilipitisha sheria mpya ya kuhifadhi wanyamapori. Hata hivyo ujangili wa tembo na faru uliendelea, kwa kuwa bei ya pembe ilipanda duniani na askari wa wanyamapori walikuwa wachache.

Kazi hiyo ilimlazimu kusafiri sana kwa ndege ndogo. Mapema mwaka 1974 ndege aliyopanda ilianguka ilipokuwa ikienda Ruaha, lakini waliokuwemo walinusurika.

Katavi

Hifadhi ya Katavi ilipotangazwa ilikuwa na eneo la kilometa za mraba 2,253. Iko katika wilaya ya Mpanda ya wakati ule, iliyokuja kuwa sehemu ya mkoa wa Rukwa na tangu 2012 ni ya mkoa wa Katavi. Ina misitu ya miombo, mto Katuma na mbuga za Katavi na Chada, ambazo hujaa maji wakati wa masika. Kiangazi maji yanapopungua, mamia ya viboko hubanana katika madimbwi yaliyobaki, na makundi makubwa ya nyati hukusanyika kandokando. Jina la hifadhi linatokana na Katabi, mzimu ambao kwa imani ya wenyeji hukaa katika mkwaju karibu na ziwa. Eneo hilo basi liliheshimiwa na wenyeji kabla ya serikali yoyote kuliwekea mipaka.

Mwaka 1998 hifadhi ilipanuliwa hadi kilometa za mraba 4,471. Makao yake yako Sitalike, katika Halmashauri ya Nsimbo, ambayo pia ina kata ya Litapunga. Watu wa eneo hili hutegemea kilimo na mifugo, na maji ya Katuma yanahitajiwa na mashamba ya mpunga na viboko vilevile. Swali la nani apate ardhi na maji, lililomkuta Bryceson kwanza kama waziri wa kilimo na baadaye kama mkurugenzi wa hifadhi, bado lipo.

Gombe na Jane Goodall

Mwaka 1975 Bryceson alimwoa Jane Goodall, mtafiti wa sokwe katika Hifadhi ya Gombe, mkoani Kigoma. Kwa wadhifa wake aliweza kulinda utafiti huo na kuzuia watalii wasiwasumbue sokwe. Mwezi Mei mwaka huohuo watu wenye silaha kutoka Zaire walivuka Ziwa Tanganyika na kuwateka wanafunzi wanne wa kigeni waliokuwa Gombe. Wote waliachiwa baadaye. Baada ya tukio hilo watafiti wa kigeni hawakuruhusiwa kukaa Gombe kama zamani, na kazi ya kila siku ya kuwafuatilia sokwe ilibaki mikononi mwa Watanzania. Bryceson, aliyezungumza Kiswahili na aliyezoea kufanya kazi na wananchi, alimsaidia Goodall kupanga utaratibu huo mpya. Utafiti haukukatika.

Kifo na kumbukumbu

Mwaka 1980 Bryceson aligundulika kuwa na saratani. Alitibiwa Uingereza kisha Ujerumani, ambako alifariki tarehe 12 Oktoba 1980, akiwa na umri wa miaka 57. Majivu yake yalimwagwa katika Bahari ya Hindi, karibu na nyumba yake ya Dar es Salaam.

Hifadhi zilizotangazwa katika kipindi chake zote zipo hadi leo. Hazikuwa kazi ya mtu mmoja: zilihitaji uamuzi wa Rais, ridhaa ya Bunge, jasho la askari wa wanyamapori na uvumilivu wa vijiji vilivyopakana nazo. Nafasi ya Bryceson katika historia hiyo ni ya mbunge aliyesaidia kuigeuza ahadi ya 1961 kuwa mipaka inayotambuliwa na sheria.